Nguo Chache na Rangi Tatu: Habari za Mavazi Katika Nchi ya Babati

Katika lugha ya Kiswahili rangi zilizo na neno lake halisi la sifa, yaani neno linalokubali kupatanishwa na ngeli zote za majina, ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa mtu mweupe, kitambaa cheusi, gari jekundu, nje peupe; na kutoka katika mashina hayo hupatikana majina weupe, weusi na wekundu bila taabu yoyote. Rangi nyingine zote huingia katika lugha kwa mlango wa nyuma. Kijani ni jani. Manjano ni bizari. Kahawia ni kahawa. Kijivu ni jivu. Zambarau ni tunda. Samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Nili ni mmea wa kutilia rangi. Na buluu imeazimwa kwa Waingereza. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kusimama mbele ya jina bila kutegemezwa na kiunganishi: gauni la kijani, shati la samawati, kanga ya manjano. Hata neno lenyewe rangi ni la Kiajemi, lililopitia Bara Hindi mpaka likafika pwani. (Yafaa kusema mapema kwamba halina uhusiano wowote na jina la Warangi wa Kondoa, ijapokuwa wageni wengi wamepata kulieleza hivyo.)

Wako waliolitazama jambo hili kuwa dalili ya umaskini. Katika karne ya 19 Gladstone, mwanasiasa wa Kiingereza, alipoona mwaka 1858 kwamba mashairi ya Homeri yana majina machache ya rangi, alidhani kwamba Wayunani wa kale hawakuziona rangi vizuri. Na baada yake wakatokea wataalamu walioipeleka dhana hiyo kwa watu wa Afrika na visiwa vya bahari ya kusini. Kosa lao lilikuwa ni kudhani kwamba jicho huona kile tu ambacho ulimi una jina lake. Mwaka 1969 Berlin na Kay wa Marekani, wakitumia habari za lugha 98, walionyesha kwamba lugha inapokuwa na maneno matatu tu ya msingi ya rangi, maneno hayo aghalabu ni ya weupe, weusi na wekundu. Kazi yao imekosolewa sana tangu siku hizo, na kwa haki, hasa kwa namna walivyozipanga lugha kama watoto katika madarasa ya shule. Lakini kuhusu zile rangi tatu wenyewe ushahidi umesimama. Na Victor Turner, aliyekaa na Wandembu wa Zambia katika miaka ya 1950, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba weupe, wekundu na weusi kwa watu wale si majina ya rangi tu, bali ni nguzo za fikra: maziwa, damu, na kiza cha kifo na cha mvua.

Swali linalobaki ni la historia. Rangi hizo tatu zilifanya kazi gani katika maisha ya watu, na hasa katika mavazi yao, ambayo ndiyo mahali ambapo mtu huchagua rangi kila siku? Nchi ya Babati yafaa sana kwa uchunguzi huo. Mji wa Babati, uliofanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mkoa huo ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002, umekaa kando ya ziwa lenye jina hilohilo, chini ya mlima Kwaraa, mahali ambapo barabara ya kutoka Dodoma hukutana na ile ya Singida na kuelekea Arusha. Wenyeji wake wa asili ni Wagorowa, ambao vitabu vya zamani huwaita Wafiomi. Magharibi yao wako Wairaki, kaskazini Wambugwe, kusini Warangi, na pande za Hanang Wadatoga, hasa Wabarbaig. (Jina Mang'ati, ambalo wengi huwaita nalo, ni neno la Kimasai lenye maana ya adui, si jina lao.) Ndiyo kusema kwamba katika soko moja hukutana lugha za Kikushi, za Kibantu na za Kiniloti, na ukishuka kidogo upande wa Kondoa wamo Wasandawe wenye lugha ya vidoko. Kiessling, Mous na Nurse walieleza mwaka 2008 jinsi lugha hizo, zisizo za ukoo mmoja, zilivyokaribiana kwa kukaa pamoja katika Bonde la Ufa. Ni vigumu kuamini kwamba watu walioazimana sarufi hawakuazimana nguo.

Hapa inafaa kutaja jambo la mbali kidogo. Tangu miaka ya 1970 umezuka katika miji ya Ulaya na Marekani mtindo wa kumshauri mtu apunguze nguo zake, abakize chache zinazopatana kwa rangi, ili kila moja iweze kuvaliwa pamoja na nyingine yoyote. Wazo hilo huhesabiwa kuwa la Susie Faux, mwenye duka la nguo mjini London; na mwaka 1985 Donna Karan wa New York akalipa nguvu kwa kuuza vazi la vipande saba vya kubadilishana. Wafuasi wao huongeza shauri jingine: mtu asizichague rangi zake ovyo, bali azitwae katika picha moja ya msanii hodari, kwa kuwa msanii amekwisha kufanya kazi ya kuzipatanisha. Shauri hilo linaposikika Afrika Mashariki huonekana kuwa jambo jipya la wenye fedha. Ukweli ni kwamba nguo chache za rangi zilizopatanishwa ndiyo hali ya mavazi katika nchi hii kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu yoyote iliyoandikwa, na picha zenye rangi hizo zipo, juu ya mawe, kando ya barabara iendayo Babati.

Picha hizo ni zile za Kondoa. Msafiri atokaye Kondoa kwenda Babati hupita Kolo, na katika milima ya mashariki ya barabara hiyo yamo majabali yenye vivuli ambavyo watu wa kale walivitumia kama kuta za kuchorea. Mahali hapo, penye eneo la kilomita za mraba 2,336, paliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kohl-Larsen, Mjerumani, alizinakili baadhi ya picha katika miaka ya 1930. Na mwaka 1951 Mary Leakey pamoja na mumewe Louis walifanya kazi ya kuzinakili kwa bidii kubwa zaidi, ingawa kitabu chake kuzihusu hakikutoka mpaka mwaka 1983. Katika picha hizo rangi inayotawala ni nyekundu: wanyama, na watu warefu wembamba waliochorwa kwa mistari myembamba, wenye vichwa vilivyopambwa kwa nywele au kofia za namna ya ajabu. Juu ya hizo nyekundu mara nyingi zimepakwa nyeupe, nzito na zisizo na ustadi ule, ambazo wataalamu wengi huzihesabu kuwa za wakulima waliofika baadaye. Nyeusi zipo, lakini ni chache.

Nyekundu ilitoka katika mawe na udongo wenye chuma. Kiswahili kinalo jina zuri la udongo huo, nalo ni ngeu, neno ambalo leo limebaki hasa kwa maseremala wanaolitumia kwa udongo wa kupigia mistari juu ya mbao. Udongo huo uliosagwa na kuchanganywa na mafuta ndio uliopakwa jabali, na ndio uliopakwa ngozi ya mtu na ngozi ya mnyama aliyovaa mtu. Mambo haya mawili hayakuwa kazi mbili. Katika pango la Kisese, katika nchi hiyohiyo ya Kondoa, ambako Inskeep alichimba mwaka 1956, zimepatikana shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, na vipimo vipya vimeonyesha kwamba za mwanzo zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Pamoja nazo umepatikana udongo mwekundu. Basi watu wa pande hizi walijipamba kwa weupe wa ganda na wekundu wa ngeu muda mrefu mno kabla ya lugha yoyote inayosemwa Babati leo kuwa na umbo lake la sasa.

Si halali, hata hivyo, kuvuta kamba moja kutoka pango la Kisese mpaka duka la nguo la leo. Waliochora picha nyekundu si babu za Wagorowa, wala za Wabarbaig. Kama wana wajukuu walio karibu, yaelekea ni Wasandawe, na Eric ten Raa alieleza mwaka 1971 jinsi uchoraji wa namna hiyo ulivyokuwa bado unaeleweka katika jamii yao. Tena nyekundu, nyeupe na nyeusi ni rangi ambazo ardhi yenyewe humpa mtu kwa urahisi: udongo wa chuma, chokaa au majivu, na makaa. Watu wawili wasiojuana wanaweza kuziokota. Kinachoweza kusemwa ni kidogo kuliko hicho, nacho kinatosha: watu wote waliokuja kukaa katika nchi hii walikuta rangi hizo zimekwisha kuwekwa mbele ya macho, na hakuna aliyezikataa. Warangi hawakuzitengeneza picha za Mungomi wa Kolo, lakini matambiko hufanyika hapo hata sasa.

Kabla ya nguo za dukani watu wa Babati walivaa ngozi. Ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe ilikwanguliwa, ikalainishwa kwa mafuta, ikapakwa udongo mwekundu mpaka ikawa na rangi ambayo kwa Kiswahili haina jina jingine ila nyekundu, ijapokuwa mtu wa leo angeiita kahawia. Wanawake wa Kiiraki walikuwa na sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga katika mapambo yenye maana zake. Miongoni mwa Wabarbaig sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa, iliyokatwa katika nyuzi nyingi ndefu, ilikuwa kitu kitakatifu, na George Klima, aliyekaa nao na kutoa kitabu chake mwaka 1970, ameeleza jinsi ilivyofungamana na heshima ya mwanamke na haki zake mbele ya baraza la wanawake wenzake. Mtu aliyemkosea mwanamke aliyevaa vazi hilo hakumkosea peke yake. Mavazi hayo yalikuwa machache mno: kipande cha kiunoni na kipande cha begani. Mtu hakuwa na nguo ya pili ya rangi nyingine. Lakini mfupa, ganda, chuma na shanga vilivyoongezwa juu ya wekundu wa ngozi vilionyesha umri wake, ndoa yake na ukoo wake.

Kisha zikaja nguo za pamba. Hapa ndipo historia inapokuwa tajiri, na ndipo maneno ya Kiswahili yanapokuwa mashahidi bora kuliko hati.

Nguo ya kwanza ilikuwa merikani. Waamerika wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walianza kufanya biashara na Unguja katika miaka ya 1820. Mkataba wao na Sayyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833, na balozi wao wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Walileta kitambaa cha pamba kizito, kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya nchi yao. Wakachukua pembe, sandarusi na ngozi. Kitambaa hicho hakikuwa cheupe kwa macho ya mwenye kiwanda, kwa kuwa kilikuwa na rangi ya pamba ghafi. Kwa Mswahili kilikuwa nguo nyeupe. Nguo ya pili ilikuwa kaniki, kitambaa cha pamba kilichotiwa nili katika Bara Hindi. Mzungu huiita buluu, na hata kamusi za Waingereza huitafsiri hivyo. Kwa Mswahili ni nguo nyeusi. Ya tatu ilikuwa nguo nyekundu, iliyojulikana katika biashara kwa jina la bendera. Neno hilo ni la Kireno, na yaelekea lilihamia kwenye kitambaa kwa sababu bendera ya Sultani wa Unguja ilikuwa nyekundu tupu.

Basi, ukiiacha mizigo yote ya vitambaa vya fahari, mzigo wa msingi wa msafara wa pwani ulikuwa nyeupe, nyeusi na nyekundu.

Burton, aliyesafiri bara pamoja na Speke kati ya 1857 na 1859, aliandika orodha ndefu ya nguo za misafara katika kitabu chake cha mwaka 1860. Zimo barsati, debwani, subaya, sohari, kitambi, joho na nyingine nyingi zenye mistari na mirabaraba, ambazo zilikuwa za kuwapa watemi na wakubwa. Leo mtu akitaja barsati au sohari katika soko la Babati hataeleweka. Lakini shuka, doti na kaniki ni maneno ambayo kila mtoto anayajua. Nguo za fahari zilikufa pamoja na hongo zilizolipwa kwazo. Nguo za watu wote ziliishi.

Neno doti lastahili kutazamwa vizuri. Shuka ilikuwa kipimo cha mikono minne, yaani karibu mita moja na robo tatu. Doti ilikuwa shuka mbili. Na doti nyingi zilifanya gora. Maneno hayo yalikuwa vipimo, tena yalikuwa fedha, kwa kuwa posho ya mpagazi, hongo ya mtemi na bei ya mbuzi zilihesabiwa kwa shuka na doti. Tena yalikuwa mavazi. Shuka moja kiunoni, nyingine begani: doti moja ilikuwa mavazi kamili ya mtu mzima, kabati lake lote. Hivi ndivyo kipimo kilivyochukua mahali pa zile ngozi mbili bila kubadili namna ya kuvaa. Pamba ilifuata mwili uliokwisha kuzoea vipande viwili. Ndiyo maana mwanamke wa leo anaponunua kanga huuliza bei ya doti, wala hafikirii mikono minane.

Inadhaniwa mara nyingi kwamba watu wa bara walivaa rangi hizo kwa sababu wafanyabiashara hawakuwaletea nyingine. Ushahidi waonyesha kinyume chake. Stanley, alipojitayarisha Unguja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alilalamika kwamba elimu ya shanga na nguo ilimpa taabu kubwa, kwa sababu kila nchi ilitaka yake: shanga nyeusi zilizokuwa fedha katika Ugogo hazikuwa na thamani yoyote kwingineko, na nyeupe zilizopendwa Ufipa zingedharauliwa Ukonongo. Aliyekosea katika kuchagua alibeba takataka kwa mwendo wa miezi. Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, amefuatilia jinsi matakwa hayo yalivyosafiri kwa barua kutoka bara mpaka Unguja, na kutoka Unguja mpaka Salem na Bombay, yakawalazimisha wenye viwanda kubadili uzito, upana na rangi ya vitambaa vyao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 na pamba ikaadimika, wafumaji wa Uingereza na wa Bombay walijitahidi kuiga merikani hata kwa jina. Mteja aliyeamuru hayo hakujua kusoma, wala hakupata kuiona bahari.

Nchi ya Babati haikuwa katika njia kuu ya Bagamoyo na Tabora, bali katika njia za kaskazini zilizotoka Pangani na zile zilizopita Irangi kwenda Ziwa Viktoria. Oscar Baumann alipopita Umbugwe na Ufiomi mwaka 1892 watu wa pwani walikuwa wamekwisha kumtangulia. Huku nguo ilikuwa utajiri. Kaniki ilikuwa vazi la mtu aliyefanikiwa; merikani ilifungwa begani kwa namna ya lubega na kupakwa mafuta na ngeu mpaka ikawa nyekundu kama ngozi. Jambo hili la mwisho halikupata kusisitizwa vya kutosha na waandishi. Watu waliinunua nguo nyeupe kwa bei kubwa, kisha wakaitia wekundu wao wenyewe. Wageni waliandika kwamba nguo zilikuwa chafu. Hazikuwa chafu, zilikuwa zimekamilika.

Pwani, nguo hizohizo zilikuwa na maana nyingine kabisa. Merikani na kaniki zilikuwa mavazi ya watumwa na maskini wa Unguja, na Laura Fair ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 jinsi wanawake walioachwa huru baada ya amri ya mwaka 1897 walivyoziacha, wakakimbilia kanga zenye rangi na mapambo. Kitambaa kilekile kilichomtambulisha mjakazi wa Unguja kilimtambulisha tajiri wa Ufiomi. Mwenye kuandika historia ya mavazi kwa kuangalia vitambaa tu, bila kuuliza vilivaliwa wapi na nani, atapotea.

Kanga nayo, iliyotokea pwani katika robo ya mwisho ya karne ya 19 na kusifiwa kwa wingi wa rangi, haikuziacha rangi tatu. Kisutu, ambayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa kanga za kale kabisa na ambayo mpaka leo ndiyo ya bibi arusi, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Waganga pia, pwani na bara, walipotaka nguo za mizimu walitaka nyeupe, nyeusi na nyekundu. Hapana mganga aliyeagiza samawati. Mitindo ya kanga ilibadilika kila mwezi, lakini penye mambo mazito ya ndoa, maradhi na wafu, lugha na nguo zilirudi mahali pamoja.

Utawala wa wageni, wa Wajerumani na kisha wa Waingereza, ulileta kaki, neno lenye asili ya mavumbi katika lugha za Uajemi na India, na ulileta sare ya shule. Yafaa kutazama sare hiyo kwa jicho la mwanalugha: shati jeupe na kaptura au sketi ya buluu iliyoiva, mpaka leo ndiyo sare ya watoto wengi wa shule za msingi Tanzania. Mama aliyezoea kuiita kaniki nyeusi angeiona sare hiyo kuwa merikani na kaniki zilizoshonwa. Bendera ya taifa, kwa upande mwingine, iliyopatikana mwaka 1964 kwa kuunganisha rangi za Tanganyika na Zanzibar, ina kijani, manjano ya dhahabu, nyeusi na buluu; na kati ya hizo nne ni moja tu inayokubali upatanisho wa Kiswahili. Nchi mpya ilijitafutia rangi nje ya zile tatu. Si vibaya, ila ni jambo la kukumbukwa.

Jaribio kali zaidi lilikuja baada ya uhuru. Mwishoni mwa 1967 na katika mwaka 1968, serikali katika Mkoa wa Arusha, ambamo Babati ilikuwa wakati huo, iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega, ngozi na ngeu, wavae suruali na magauni. Wabarbaig nao, waliohesabiwa kuwa katika hali hiyohiyo, hawakuachwa nje ya mawazo hayo. Hoja ilikuwa maendeleo na usafi, tena aibu ya kupigwa picha na watalii kana kwamba taifa zima liko uchi. Katika Oktoba ya mwaka huohuo wa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mjini Dar es Salaam kwamba sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana zingepigwa marufuku kuanzia Januari 1, 1969. Magazeti yalijaa barua, na baadhi ya waandishi walitambua kinyume kilichokuwamo: msichana wa mjini alilaumiwa kwa kuiga Ulaya katika mwaka uleule ambao mchungaji wa Arusha alilaumiwa kwa kutoiiga.

Lililopotea katika mjadala ule ni kwamba neno uchi lilitumiwa kwa watu waliokuwa wamevaa. Mwanamke wa Kibarbaig katika sketi yake ya ngozi alikuwa amevaa vazi ambalo kwa sheria ya watu wake lilimlinda kuliko gauni lolote. Kumvua hilo na kumpa gauni la maua kulikuwa kumwondolea hati yake. Na mwanamume aliyepaka ngeu shuka yake alikuwa amefanya kile ambacho babu yake alifanya kwa merikani na babu wa babu yake kwa ngozi. Maafisa waliona uchafu kwa sababu hawakuwa na neno la kukamilika. Wala si kwamba walikuwa wageni. Walikuwa wasemaji wa Kiswahili, waliokuwa na -ekundu kinywani kila siku.

Kampeni ile haikufaulu kama ilivyokusudiwa. Shuka nyekundu haikutoweka. Ilihama tu kutoka kitambaa kilichopakwa kwa mkono hadi kitambaa kilichotiwa rangi kiwandani, na mirabaraba nyekundu na nyeusi inayouzwa leo hutengenezwa na viwanda vya hapa na vya ng'ambo. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, mwaka uleule wa amri, na nguo za viwanda vya taifa zikaingia kila duka la bara. Kilichopotea zaidi ni ngozi. Sketi za wanawake za zamani sasa huonekana kwa nadra, katika sherehe, na katika makumbusho.

Tangu katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa, nguo za mitumba zimejaa katika minada ya Babati, zikiwa na kila rangi ambayo Ulaya na Marekani zilichoka nayo. Hapo wauzaji wamelazimika kuunda msamiati. Husema damu ya mzee kwa nyekundu iliyoiva, kijani cha jeshi, bluu bahari, rangi ya ugoro, rangi ya udongo. Maneno haya ni mazuri, na mengi hayajapata nafasi yake katika kamusi. Lakini yafaa kuona jinsi yalivyojengwa. Damu ya mzee si rangi mpya kwa msemaji wa Kiswahili: ni -ekundu iliyopewa umri. Ukimwuliza mnunuzi aitambulishe shuka hiyo kwa neno moja, atasema nyekundu. Bluu bahari haina bahati hiyo. Ikiulizwa itajibiwa kwa neno lilelile la kuazima.

Wanaotunga istilahi wamepata mara kwa mara kupendekeza kwamba kijani, kahawia na samawati zifanywe vivumishi kamili, zipewe viambishi, ili lugha iwe na usawa. Wasemaji hawajakubali. Hapana asemaye *mkijani wala *chekahawia, na hata watoto waliolelewa katika Kiswahili peke yake, wanaokosea mambo mengine mengi ya upatanisho, hawajaribu kosa hilo. Mashina matatu yanashika mlango, na katika mnada wa Babati mzee wa Kibarbaig apitaye baina ya marundo ya mitumba ya kila rangi huonekana bado akiwa na vipande vyake viwili, kimoja kiunoni na kimoja begani.